Mpira Mweupe Peke Yake

Fundi alishuka kwenye basi la asubuhi akiwa na mkoba wa turubai, pima maji yenye urefu wa mkono mzima, na robota la kitambaa cha kijani ambalo alimkatalia kondakta asiliweke kwenye buti. Ilikuwa Mei, masika yanaelekea kuisha, na meza ya pool iliyokuwa chini ya banda jirani na kibanda cha mama, hapa Bagamoyo, ilikuwa imechoka kabisa. Kitambaa chake kilikuwa kimekunywa unyevu wa bahari miezi miwili mfululizo. Kilikuwa kimechanika mbele ya mashimo ya katikati, na pale mpira mweupe unapowekwa wakati wa kufungua mchezo palikuwa na upara wa ukubwa wa kisosi. Mpira uliopita hapo taratibu ulipinda, na sisi tuliocheza meza ile tulikwisha kuzoea kupiga kwa nguvu ili usipate nafasi ya kupinda.

Nilikuwa na miaka 22. Mama aliuza chai, vitumbua na supu ya pweza kwa wavuvi na wachuuzi wa soko la samaki, nami nilimsaidia tangu alfajiri. Wateja wakipungua, kwenye saa nne hivi, nilivuka hatua kumi nikaenda kushuti. Nilicheza hivyo miaka miwili, karibu kila siku. Utaratibu wa banda ulikuwa ule ule wa kila mahali: anayeshinda anabaki mezani, anayefungwa anampisha anayefuata, na anayeingia ndiye anayetia sarafu ya mia mbili. Nilibaki mezani mara nyingi. Watu wakaanza kusema yule dada wa vitumbua ana mkono, na mimi nikaamini.

Fundi alifanya kazi siku nzima, nami nilimpelekea chai mara tatu, zaidi kwa sababu nilitaka kuona kilichomo ndani ya meza. Alifungua kingo, akachana kitambaa cha zamani, na chini yake likatokea jiwe. Nilikuwa sijui kama tunachezea juu ya jiwe. Lilikuwa la kijivu, baridi, limechorwa na gundi ya miaka. Alilikwangua kwa kisu, akaziba mikwaruzo kwa nta aliyoiyeyusha kwa mshumaa, akalifuta mpaka kiganja kikapita bila kuhisi kitu. Kisha akalaza pima maji: kwa urefu, kwa upana, halafu kimshazari. Chini ya mguu mmoja wa meza akaingiza karata mbili za kuchezea, akatazama tena kile kiputo, akatoa moja.

Kitambaa kipya kilipokwisha kuvutwa na kingo kurudishwa, alifanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya kwa uangalifu ule. Alipiga magoti mwisho wa meza, akaweka shavu karibu na kitambaa, akausukuma mpira mmoja taratibu sana, taratibu kiasi kwamba ulichukua muda mrefu kufika katikati. Hakuutazama unakwenda wapi, aliutazama unavyokufa. Mpira unapokaribia kusimama hauna tena nguvu ya kuficha kitu, na kama meza ina mteremko wa nywele moja, hapo ndipo utauona.

"Shikamoo baba," nilimwambia nikiweka kikombe cha tatu.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiye bingwa wa hapa."

Sikukataa.

"Haya, njoo unioneshe."

Nilinyoosha mkono kuchukua pembetatu nipange mipira. Akanizuia. Aliuweka mpira mweupe peke yake kwenye alama, meza yote ya kijani ikiwa tupu mbele yangu. Akaniambia niupeleke ukagonge ukingo wa mbele, urudi kwa njia ile ile, uguse ncha ya fimbo yangu, na fimbo nisiiondoe pale nilipoimalizia. Basi. Nilipiga mara kumi. Mara moja tu mpira uligusa ncha, na hiyo moja nilijua moyoni kuwa ni bahati.

"Umekosa mara tisa," nikasema kabla hajaniuliza.

"Sikukuuliza ngapi. Nakuuliza zilikwenda upande gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimesimama pale, nimeuona mpira ukinirudia mara kumi, na sikujua. Kila niliyokosa niliihesabu kuwa mkosi wake peke yake, haihusiani na iliyotangulia. Yeye alikuwa amezihesabu. Nane zilirudi kulia kwangu, moja kushoto.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Ukiugonga mpira mweupe kulia kidogo mwa katikati yake, unaupa mzunguko. Kwenye kitambaa mzunguko huo hauonekani, mpira unakwenda karibu sawa na njia uliyokusudia. Lakini ukigusa ukingo, ile raba inaushika, na mpira unatupwa upande wa mzunguko. Kwa hiyo miaka miwili nilikuwa nauzungusha kila mpira bila kukusudia, na kwa kuwa nilicheza kila siku kwenye meza moja, macho yangu yalijifunza kulenga pasipo sawa ili mkono uliokwenda pasipo sawa ufike shimoni. Makosa mawili yalikuwa yamefunga ndoa. Kwenye meza ile ya zamani, yenye kitambaa kizito, ndoa ilidumu. Kitambaa kipya chepesi kilipowekwa, jioni ile ile nilifungwa na mvulana niliyekuwa namfunga kila wiki.

Naandika haya kwa sababu naona vijana wengi wakipita nilikopita. Wanacheza saa nne, tano kwa siku, na wanaita hayo mazoezi. Kucheza na kufanya mazoezi ni vitu viwili. Ukicheza, unataka kushinda, na njia ya haraka ya kushinda leo ni kutumia kile mkono wako unachokijua tayari, pamoja na kasoro zake zote. Kila mchezo unaoushinda kwa kasoro unaipigilia kasoro hiyo msumari mwingine. Mwaka wangu wa kwanza mezani niliendelea sana. Mwaka wa pili nilirudia ule wa kwanza.

Fundi alikuwa akizunguka kati ya Dar es Salaam, Bagamoyo na Chalinze akihudumia meza za watu, hivyo alirudi kila baada ya wiki tatu au nne. Kila safari alinipa jambo moja, na hakunipa la pili kabla ya kuliona la kwanza.

La kwanza lilikuwa kusimama. Mimi nilikuwa nainama kwanza, halafu nikiwa chini ndiyo natafuta shabaha, nikijisogezasogeza kiuno kama mtu anayetafuta usingizi kwenye mkeka. Akanikataza. Simama nyuma ya mpira, uone njia ungali wima, mguu wa kulia uukanyage mstari wa njia hiyo, wa kushoto utangulie kidogo pembeni, kisha uiname kuiingia njia ambayo umekwisha kuiona. Ukifika chini ukahisi si yenyewe, usirekebishe ukiwa chini. Inuka, anza upya. Hili la kuinuka lilinigharimu aibu nyingi, kwa sababu watu wanaosubiri zamu hawapendi mtu anayeinuka.

Mkono wa nyuma aliuelezea kwa lugha ya waashi. Kiwiko kikae kama msumari uliopigiliwa ukutani, na kigasha kining'inie kama timazi. Wakati ncha inapougusa mpira, kigasha kiwe kimeelekea chini sawasawa, si kimevutwa mbele wala nyuma. Bega halina kazi hapo. Mimi nilikuwa napiga kwa bega, ndiyo maana fimbo ilizama na kupinda kulia kila ilipokwenda mbele. Na vidole? Nilikuwa naikaba fimbo mpaka kucha zinageuka nyeupe. Akasema ishike kama unavyomshika mkono mtoto unayemvusha barabara: akitaka kuchomoka utahisi, lakini humminyi.

Halafu chupa. Alichukua chupa tupu ya soda kibandani kwa mama, akailaza mezani, mdomo ukinitazama, akaniambia niingize ncha ya fimbo na kuitoa, mbele nyuma, bila kugusa kioo. Jaribu ndipo utajua mkono wako unavyotetemeka. Siku za mwanzo ilikuwa tiki, tiki, tiki, mfululizo. Mama alikuwa akikaanga vitumbua na kuzisikia. Ikafika mahali ananiuliza nikirudi, "Leo imelia sana, una nini?" Na kweli, siku nilizolala vibaya au nilizogombana na mtu, chupa ililia zaidi. Baadaye siku zilikuja ambapo mama hakusikia kitu, na aliniambia hilo kwa furaha kuliko alivyowahi kuniambia kuhusu ushindi wowote.

Kulikuwa na suala la nguo. Huwezi kuinama ipasavyo kwenye meza ya pool, kidevu karibu na fimbo, ukiwa na gauni huku ukishikilia kanga kwa mkono mmoja. Mama hakuwa na neno na mchezo, alikuwa na neno na macho ya watu. Tulielewana kwenye suruali na shati refu la kufika magotini, na kwamba nifanye mazoezi asubuhi banda likiwa tupu. Mashindano ya taifa yaliyodhaminiwa na Safari Lager yalikuwa na kundi la wanawake, na nilipolijua hilo nilimwonesha mama picha gazetini. Baadaye nilisoma pia habari za Allison Fisher wa Uingereza, aliyechukua ubingwa wa dunia wa snuka wa wanawake mwaka 1985 akiwa na miaka 17, na akauchukua mara saba kwa jumla kabla ya kuhamia Marekani miaka ya 1990 na kuwa bingwa wa pool pia. Picha zake zote ninazozikumbuka, kiwiko kiko kwenye msumari.

Mazoezi ya asubuhi yalikuwa na tatizo la sarafu. Meza ya kutia sarafu inakupa mipira mara moja tu: ukiingiza mpira shimoni, inaumeza mpaka utie nyingine. Mweupe tu ndio unaorudishwa, kwa kuwa kwenye meza ile ulikuwa mdogo kidogo kuliko wenzake na mfereji wa ndani uliutambua kwa ukubwa wake. Nikaziba mashimo yote sita kwa matambara ya kanga kuukuu. Sarafu moja ya mia mbili ilinitosha asubuhi nzima. Mpira uliingia shimoni, ukakaa juu ya tambara, nikauchukua nikauweka tena palepale. Saa nne nikatoa matambara, mipira ikashuka, meza ikawa ya watu.

Asubuhi moja mwenyekiti wa mtaa alinikuta. Viongozi wamekemea mara nyingi vijana wanaoshinda kwenye pool saa za kazi, nami siwalaumu, nimewaona vijana walioanza saa mbili asubuhi na kuondoka usiku bila nauli. Nilimwonesha daftari. Lilikuwa daftari la madeni la mama. Kwa mbele aliandika nani amekunywa supu hajalipa. Mimi nililigeuza nikaanza kwa nyuma: tarehe, mweupe peke yake mara 50, zilizogusa ncha ngapi, zilizorudi kulia ngapi, kushoto ngapi. Alilisoma kurasa tatu, akaniuliza kwa nini Julai namba zimeshuka. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo.

Zilishuka kwa sababu nilibadilisha mshiko. Mei nilikuwa na moja kati ya kumi, katikati ya Juni nne, mwisho wa Juni tano, halafu fundi akalegeza vidole vyangu na nikarudi mbili. Wiki mbili nilikaa kwenye mbili. Hapo ndipo watu wengi huacha, na sababu inaeleweka: unafanya kitu sahihi na unakosa zaidi kuliko ulipokuwa unafanya kisicho sahihi. Bila daftari ningerudi kwenye mshiko wa zamani siku ya tatu. Lakini daftari lilionesha jambo ambalo macho yangu hayakuliona. Makosa hayakuwa yakienda kulia tena. Yalitawanyika, mengine kulia, mengine kushoto, na karibu yote yalikuwa karibu na ncha. Mkono ulikuwa haujajua njia mpya, lakini ulikuwa umeiacha ile ya zamani. Agosti zikawa sita. Septemba saba.

Ilikuwa ni katika moja ya safari hizo fundi aliponihadithia habari ya mipira yenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mji mkongwe uko nyuma yetu, na jengo la zamani walipokuwa wakifikia wasafiri wa misafara haliko mbali. Aliuviringisha mpira mweupe kiganjani akasema hii zamani ilikuwa pembe ya ndovu, na pembe zilipita hapa. Nilidhani ananogesha mazungumzo. Nilipokuja kusoma nikakuta ni kweli tupu. Katika karne ya 19 pembe zilizobebwa na wapagazi kutoka bara zilishukia pwani hii, zikavushwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar zikaenda Ulaya na Marekani kufanywa vitana, vibao vya piano na mipira ya biliadi. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa ulaini wake. Mahitaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1863 kampuni moja ya New York ya kutengeneza meza ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. John Wesley Hyatt akaja na seluloidi mwishoni mwa muongo huo. Halafu Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, akagundua plastiki ngumu ya fenoli mwaka 1907, na mipira mizuri ya leo, mingi ikitoka kiwandani Ubelgiji, ni jamii ya plastiki hiyo.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu siwezi kuushika mpira mweupe bila kuwaza mabega yaliyobeba pembe zile, na tembo walioangushwa ili watu wa mbali wacheze jioni. Bagamoyo haina haja ya kukumbushwa, lakini mchezo una haja. Na liko jambo moja la ufundi katika habari hiyo lililonikaa. Ndani ya pembe kuna mshipa unaopita katikati kwa urefu wake. Aliyechonga mpira alipaswa kuhakikisha mshipa huo unapita katikati kabisa ya mpira. Ukipita pembeni, upande mmoja unakuwa mzito na mpira unayumba ukikaribia kusimama. Kabla hata mchezaji hajainua fimbo, mtu mwingine alikuwa amekwisha kuitafuta katikati.

Baada ya mweupe peke yake ukaja mpira wa pili. Zoezi lilikuwa kuupanga mpira kuelekea shimo la kona, mweupe nyuma yake kwenye mstari mmoja, uuingize ule na mweupe ufe palepale ulipogonga. Kwa umbali wa kiganja ni rahisi. Ukipata mara tano mfululizo, rudisha mweupe nyuma kiganja kimoja. Hapo ndipo nilipojifunza kitambaa ni nini. Mpira unaogongwa chini ya katikati huondoka ukizunguka kinyumenyume, na kitambaa kinakula mzunguko huo njiani. Inafika mahali mpira unateleza tu, hauzunguki mbele wala nyuma, na ukimkuta mwenzake hapo hapo, unakufa. Ukichelewa kidogo, umekwisha kuanza kubiringika na utamfuata mwenzake. Kwa hiyo kadiri njia inavyorefuka, ndivyo unavyogonga chini zaidi au kwa kasi zaidi. Na ukigonga mbali mno na katikati, kupita nusu ya njia ya kuelekea pembeni mwa mpira, ncha itateleza. Ndiyo kazi ya chaki, kuipa ile ngozi ya ncha meno ya kushikia. Ngozi hiyo husemwa ni kazi ya Mfaransa François Mingaud mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo fimbo ilikuwa mti mtupu. Fundi alinifundisha kuipaka chaki kila shuti, kwa kuifuta taratibu juu ya ngozi, si kuichimba mpaka chaki inakuwa kinu.

Mpira huo unaoteleza ukimgonga mwenzake kwa pembeni, wenye uzito sawa, njia zao huachana kwa pembemraba. Ukilijua hilo, unajua mweupe utaelekea wapi kabla hujapiga. Ila mweupe wetu ulikuwa mdogo na mwepesi kuliko wenzake, kwa hiyo uliachana nao kwa pembe pana zaidi, na ukigonga uso kwa uso haukufa, ulirudi nyuma kidogo. Kila meza ya aina hiyo ina tabia hii, na wengi wanaoicheza hawajawahi kujiuliza kwa nini.

Mwaka uliofuata nilikwenda Dar es Salaam kushiriki mashindano ya baa moja, kiingilio shilingi elfu tano. Nataka kueleza vizuri jinsi nilivyofungwa, kwa sababu sababu niliyowapa watu niliporudi haikuwa ya kweli. Niliwaambia mweupe wa kule ulikuwa sawa na wenzake, meza kubwa, sikuizoea. Hiyo ilikuwepo. Lakini miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimeanza kucheza kwa dau. Nilikuwa nashinda, elfu mbili, elfu tatu, na asubuhi nikalala badala ya kuziba mashimo. Daftari la nyuma lilikuwa na kurasa tupu. Kwenye mchezo wa mwisho nilibakiwa na nyeusi, imenyooka na shimo, umbali usiofika mita moja. Mpira ambao ningeuingiza mara 19 kati ya 20. Nilivuta fimbo, na wakati inakwenda mbele kichwa changu kilikuwa kimeshainuka kutazama matokeo. Bega likaja nalo. Kabla nyeusi haijafika nilikwisha kujua itagonga mdomo wa shimo upande wa kulia. Ikagonga kulia. Mpinzani wangu akamaliza mipira yake miwili na ile nyeusi, akanipa mkono.

Kilomita 70 hivi za kurudi nyumbani nilikaa dirishani na daftari mapajani. Ile kasoro ya kulia, ambayo niliihesabu kuwa imekufa tangu Julai, ilikuwa imelala tu. Miezi miwili ya kushinda pesa iliiamsha. Steve Davis, bingwa wa dunia wa snuka mara sita miaka ya 1980, alijifunza akiwa na baba yake pembeni na kitabu cha bingwa wa zamani Joe Davis mkononi, na baba aliendelea kuutazama mkono wake hata mtoto alipokuwa bingwa. Zamani nilidhani ni mapenzi ya mzazi tu. Siku ile kwenye basi nilielewa kwamba mtu aliye chini ya fimbo haoni kiwiko chake. Lazima awepo wa kukiangalia, na asipokuwepo, basi mpira mweupe, ukingo, na namba zilizoandikwa bila huruma.

Asubuhi iliyofuata niliomba chupa kwa mama. Ililia.

Sijawa bingwa wa taifa wala wa mkoa. Nimecheza mashindano mengi, nimeshinda kiasi, na nimewafundisha wasichana wanne wa hapa mtaani, wawili kati yao wananifunga sasa. Wakija siku ya kwanza nawanyima pembetatu. Wanachukia. Mmoja aliniambia, "Shangazi, mimi nimekuja kucheza," nami nikamwambia atacheza, ila kwanza anijibu mpira wake ulirudi upande gani. Alisimama kama nilivyosimama mimi.

Fundi ameacha kusafiri, magoti yamemkataa. Hupiga simu. Alipopiga mara ya mwisho, tulisalimiana, akaniuliza habari za mama, akaniuliza kama wasichana wanaipiga brashi meza kuelekea upande mmoja tu alivyotufundisha, kisha akaja kwenye lake.

"Leo ngapi?"

"Nane, baba."

"Na mbili?"

"Moja kulia, moja kushoto."

Akanyamaza. Nilisikia redio nyuma yake.

"Wewe hukosei kushoto," akasema. "Mvua imeanza huko?"

Nilimwambia imeanza tangu Jumatatu. Tulipoagana nilichukua tochi, nikainama chini ya meza. Ile karata aliyoiweka safari yake ya mwisho ilikuwa imelowa, imeoza nusu, na mguu umeshuka.